Kutoka "sielewi" hadi "sijaelewa": mwongozo kamili wa kurudia hesabu ukiwa mtu mzima

Shuleni kwetu kulikuwa na makundi mawili tu: vipanga na vilaza. Kipanga alizaliwa kipanga, kilaza naye hivyo hivyo, na kufikia muhula wa kwanza wa kidato cha pili kila mtu alishajua kundi lake. Mimi nilikuwa kilaza wa hesabu. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nikakuta F niliyoitarajia, wala sikuumia sana. Ilikuwa kama kuambiwa jina langu.

Miaka kumi na minne baadaye, nikiwa fundi umeme, nilitaka kujiunga na chuo, na chuo kikadai angalau D ya hesabu. Ikabidi nirisiti. Siku niliyokwenda kununua daftari nikakumbuka kitu kilichonisimamisha dukani. Jana yake nilikuwa juu ya ngazi kwenye bafu la mteja, nagawanya 3,000 kwa 230 kichwani ili nijue hita yake ya maji itavuta ampea ngapi. Nilipata kumi na tatu na kidogo, nikaagiza waya wa milimita 2.5. Hesabu hiyo hiyo ingeandikwa ubaoni, ningeinamisha kichwa.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwama hivyo. Nimeuandika kwa mifano ya hesabu kwa sababu ndiyo niliyopambana nayo, lakini anayejifunza Kijerumani, nahau ya Kiarabu au kuandika programu za kompyuta ataona mwenyewe pa kubadilisha.

Kabla ya hatua: mtazamo ni nini, na si nini

Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ametumia miaka mingi kuchunguza watu wanavyofikiri kuhusu akili zao. Wapo wanaoamini akili ni fungu mtu aligawiwa na halibadiliki. Wapo wanaoamini uwezo unakua ukiulisha kazi, mbinu nzuri na msaada wa watu. Mwaka 1998 yeye na Claudia Mueller walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo ya wastani, kisha baadhi wakasifiwa kwamba wana akili, wengine kwamba wamejitahidi. Yakaja mafumbo magumu, wote wakaboronga. Halafu wakarudishiwa ya wastani. Waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko walivyoanza, na waliosifiwa juhudi wakafanya vizuri zaidi.

Angalia nani aliumia hapo: kipanga. Nimemwona kipanga wa darasa letu akifika kidato cha tano, akakutana kwa mara ya kwanza na hesabu zilizomkataa, na ndani ya wiki mbili akahamia mchepuo mwingine. Hakuna aliyewahi kumfundisha kukwama.

Lakini nisiwauzie dawa ya kupaka. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kwa wanafunzi wapatao 12,000 wa darasa la tisa. Walipewa somo fupi la mtandaoni, lisilofika saa moja, kuhusu uwezo unavyokua. Kwa wanafunzi wa alama za chini, wastani ulipanda kwa takriban pointi 0.1 kwenye kipimo kinachoishia 4. Umepanda kweli, ila kidogo. Kwa hiyo mtu anayesimama mbele ya kioo kila asubuhi akijiambia "naweza, naweza" atapata hicho kidogo, kama atakipata. Mimi niliyaamini maneno hayo baada ya miezi mitatu ya kazi. Mwanzoni sikuamini chochote, na kazi ilikwenda vilevile. Kinachohitajika siku ya kwanza ni mpango wa utakachofanya dakika kumi baada ya kukosa jibu. Imani itakukuta njiani.

Hatua ya kwanza: badilisha kitenzi

Kiswahili kina njeo nzima kwa ajili ya jambo ambalo bado halijatokea. Muulize binti wa miaka ishirini kama ameolewa, atakujibu "sijaolewa". Akijibu "siolewi", wazee watamwitia kikao. Sote tunaijua tofauti hiyo bila kufundishwa, ila tukifika kwenye hesabu tunasema "sielewi sehemu", "sijui aljebra", kana kwamba tumeshaamua.

Sema "sijaelewa". Usiishie hapo, maana peke yake ni hirizi tu. Endelea na sentensi mpaka uguse kitu chenyewe: "Sijaelewa kwa nini sehemu zinatafutiwa KDS (kigawe kidogo cha shirika) wakati wa kujumlisha lakini si wakati wa kuzidisha." Sentensi hiyo tayari ni swali, na swali lina mtu wa kuulizwa. Wiki ya kwanza sentensi zangu zilikuwa fupi, "sijaelewa hii". Ya tatu zilikuwa zinajaza mistari miwili.

Hatua ya pili: shuka mpaka ukanyage mchanga

Kosa la warudiaji wengi ni kuanzia kidato cha nne kwa sababu huko ndiko walikoangukia. Huko ndiko ulikoonekana umeanguka. Ulijikwaa zamani, pengine darasa la tano. Chukua karatasi, ufanye haya sita bila kikokotoo wala msaada:

10 − 3 + 2
3/4 + 1/6
−4 − 3
0.3 × 0.2
15% ya shilingi 40,000
2(x − 3) = 10, x ni ngapi?

Majibu ni 9, 11/12, −7, 0.06, shilingi 6,000 na 8. Usijipe alama. Kinachotafutwa ni kosa la aina gani umefanya.

La kwanza lilinitoa jasho. Nilipata 5. Nilikuwa nimepata 5 maisha yangu yote, kwa sababu nilifundishwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nikaamini kujumlisha kunatangulia kutoa, basi nikafanya 3 + 2 kwanza, nikapata 5, nikaitoa kwenye 10. Kumbe kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na hali kadhalika kugawanya na kuzidisha: unafanya kile unachokikuta kwanza ukitoka kushoto kwenda kulia. Nenda sokoni nayo utaona. Una 10,000 mfukoni, umetoa 3,000 ya nauli, mtu akakurudishia deni la 2,000. Ukihesabu ukakuta 5,000 utaanza kumtafuta mwizi. Mfukoni sijawahi kuikosa hesabu hiyo. Kwenye karatasi niliikosa miaka yote, na hakuna mtu aliyenionyesha kwamba mkosaji ni tafsiri yangu ya neno moja tu.

Ukipata 4/10 kwenye la pili, umejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Jiulize: robo tatu ya chapati imeshapita nusu, sasa nimeiongezea kipande, inakuwaje nimebaki na chini ya nusu? Rudi kwenye asili, kiasi na KDS. Ukipata 7 kwenye la tatu, umechukua sheria ya kuzidisha ukaipeleka kwenye kutoa. Ukipata 0.6 kwenye la nne, thamani ya nafasi za desimali haijakaa. La tano likikushinda ukiwa na karatasi lakini dukani unalipata, huna tatizo la asilimia, una tatizo la woga. Na ukipata 6.5 kwenye la sita, umezidisha kilichotangulia ndani ya mabano ukakiacha cha pili nje ya karamu.

Kisha tafuta vitabu vya darasa la tano na la sita, hata vilivyotumika. Mimi nilivifunika kwa gazeti ili nisivionee haya kwenye daladala.

Kuna jambo jingine linalowakwamisha Watanzania wengi. Shule ya msingi ya serikali tulisoma hesabu kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza tukakuta vitu vile vile vimebadilishwa majina. Asili, kiasi, mlinganyo, kipeuo cha pili, vyote vikavaa Kiingereza siku moja. Wengi tunaodai tulishindwa hesabu tulishindwa kusoma swali. Tenga kurasa mbili za mwisho za daftari. Kushoto andika neno la Kiswahili, kulia la Kiingereza, katikati mfano mmoja wa namba. Maneno 60 hivi yanatosha kufungua sehemu kubwa ya mtihani.

Hatua ya tatu: muda mfupi, mara nyingi

Dakika 40 kwa siku, siku tano kwa wiki. Simu chumba kingine. Kupiga msuli saa sita Jumapili kunakupa hisia ya ushujaa, na Jumatano hakuna kilichobaki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishaonyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza inayeyuka siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunazuia myeyuko huo. Mimi nilikuwa nasoma saa kumi na moja alfajiri kabla ya saiti. Chagua saa yako, ila iwe ile ile kila siku, usiwe unajadiliana na nafsi kila jioni.

Hatua ya nne: soma mfano kwa mkono, si kwa macho

Mwalimu anakokotoa ubaoni, kila mstari unaeleweka, unatikisa kichwa. Unafika nyumbani, ukurasa mweupe. Hujasahau, ila ulichofanya darasani kilikuwa kumtazama mtu akiendesha baiskeli.

Kwa hiyo: soma mfano mmoja kitabuni mpaka mwisho. Ufunike kwa karatasi. Uandike upya kutoka mwanzo. Ukikwama, telezesha karatasi uone mstari mmoja tu, funika tena, endelea. Ukimaliza, badilisha namba na ufanye tena. Mfano mmoja hivi unakula dakika kumi na tano, na utaona kama unachelewa. Roediger na Karpicke, katika utafiti wao wa mwaka 2006, waliwalinganisha wanafunzi waliosoma habari na kuirudia kuisoma, na wale waliosoma kisha wakajitahidi kuikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojipima ndio waliokuwa mbele, tena kwa pengo la wazi.

Hatua ya tano: kukwama kwa utaratibu

Weka saa dakika 20. Ndani ya hizo huruhusiwi kutazama jibu, na huruhusiwi kukaa tu. Andika kilichotolewa. Andika kinachotafutwa, kwa maneno yako. Chora. Kama kuna x, weka namba ndogo uone kinachotokea. Kama kuna milioni tatu, jifanye ni tatu. Dakika zikiisha, tazama mstari mmoja wa jibu, au nenda kwa mtu.

Hapa kwenye kumwendea mtu ndipo watu wazima tunapofia. Mwalimu wangu alikuwa kijana wa kidato cha sita, jirani, mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitatu. Yeye aliniamkia shikamoo, mimi nikamwita mwalimu, na wiki ya kwanza wote wawili tuliona aibu. Kilichotuokoa ni namna ya kuuliza. Ukienda na "nisaidie swali la nne", utafanyiwa swali la nne, utatikisa kichwa, utarudi nyumbani mtupu. Nenda hivi: "Mwalimu, swali ni 5 − 2x = 11. Nimetoa 5 pande zote, nimepata 2x = 6, x ikawa 3. Kitabu kinasema −3. Alama ya kutoa imenipotelea wapi?" Alicheka, akaweka kidole kwenye mstari wa pili. Sekunde tano.

Na ukichekwa vibaya? Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba, wa Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa ndogo, akaogopa kuikosa, akaingiza mchanganyiko wake ungali wa moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokwenda sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu akaibeza kuwa ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne, na kijana akasimama mbele ya wenzake waliomcheka akauliza mara ya tatu: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo sawa, vyombo sawa, kwa nini ya moto yagande kwanza? Osborne akarudi kupima. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja makala katika jarida la Physics Education, na hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Watu huisimulia habari hii kama ya ushupavu. Mimi nalitazama swali lenyewe. Lina namba mbili, lina kitu alichokiona kwa macho, lina sehemu moja tu isiyojulikana. Swali la namna hiyo halimalizwi na kicheko.

Hatua ya sita: daftari la makosa

Ukiacha hatua zote, usiache hii. Nunua daftari la pekee, la kurasa 96, lisichanganywe na mazoezi. Kila ukikosa swali, usifute. Andika tarehe, kisha mambo matatu: nilichoandika, kwa nini niliona ni sahihi, na nini kinanithibitishia kwamba si sahihi. La katikati ndilo gumu, na ndilo lenye dawa, maana hakuna anayekosea kwa makusudi. Kila kosa lilikuwa na sababu iliyoonekana nzuri wakati ule.

Huu ni ukurasa wangu mmoja, nimeunyoosha mwandiko tu:

"12 Machi. Nimeandika (x + 3)² = x² + 9. Niliona sahihi kwa sababu kipeo kiko nje ya mabano, nikadhani kinamwingia kila aliyemo ndani. Nimejaribu x = 1. Kushoto: 4 × 4 = 16. Kulia: 1 + 9 = 10. Imepotea 6."

Kesho yake nimeongeza kwa kalamu nyingine: "Chumba cha mraba, ubavu ni x na umeongezwa mita 3 kwa urefu na mita 3 kwa upana. Vigae vya zamani ni x². Kona mpya ni 9. Lakini kuna vipande viwili virefu pembeni, kila kimoja 3x! Ndiyo ile 6." Nimechora na chumba. Nimefanya kazi kwenye nyumba nyingi zinazowekwa vigae, nikajua kabisa hasira ya mwenye nyumba ambaye fundi wake amesahau vipande vya pembeni. Tangu siku hiyo sijaikosa tena.

Neno "uzembe" ni marufuku kwenye daftari hili. Halikuambii ufanye nini kesho. Kama uliandika 54 ukasoma 45, andika hivyo hivyo. Kama swali liliuliza mifuko mingapi ilibaki, nawe ukajibu iliyouzwa, andika "sikurudi kusoma swali baada ya kupata jibu". Hilo linatibika: piga mstari chini ya kinachoulizwa kabla ya kuanza.

Kila kosa lifanye upya kesho yake, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Ukilipata mara tatu, lipige tiki. Ukilikosa, linaanza upya.

Nilipofikisha makosa 60 nikakaa chini nikayapanga kwa aina. Makosa 26 yalikuwa ya alama ya kutoa: imeachwa nyuma, imezidishwa vibaya, imehamishwa upande bila kubadilika. Kumi na moja yalikuwa ya kusoma swali. Sehemu zilikuwa tisa. Yaliyobaki yalikuwa moja moja, mchanganyiko. Nikaiangalia ile 26 kwa muda mrefu. Miaka yote nilikuwa nimebeba neno kilaza, na hapa kwenye karatasi palikuwa na mtu mwenye matatizo matatu, moja kubwa na mawili ya kawaida. Ushahidi ulionifanya niamini, kama nilivyosema pale mwanzo, ni huu. Hakuna hotuba ingenipa.

Hatua ya saba: vuruga mpangilio

Vitabu hupanga maswali kwa mada: ishirini ya asilimia, kisha ishirini ya milinganyo. Ukifika la tano huhitaji kufikiri tena, mkono unajua njia. Mtihani hauko hivyo. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanafunzi wa chuo kukokotoa ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya mazoezi umbo kwa umbo, jingine likachanganyiwa. Wakati wa mazoezi, waliopangiwa walipata asilimia 89, waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye kwenye mtihani waliopangiwa wakaporomoka hadi 20, waliochanganyiwa wakapata 63. Mazoezi yaliyojisikia mabaya ndiyo yaliyofundisha.

Fanya hivi: nakili maswali kwenye vipande vya karatasi, tia kwenye kopo la biskuti, chomoa matano kila Ijumaa. Utajiona umerudi nyuma. Usirudi kwenye mpangilio kwa sababu ya kujisikia hivyo.

Hatua ya nane: mtihani mzima, kwa saa

Kila Jumamosi ya nne chukua mtihani wa mwaka uliopita, ukae saa tatu kamili. Hesabu ya kidato cha nne ina maswali 14: kumi ya sehemu A yenye jumla ya alama 60, na manne ya sehemu B yenye 40. D inaanzia 30, C inaanzia 45. Jua namba hizo, zitakusaidia kupanga. Aliyeanza chini kabisa akiziweka sawa mada sita za sehemu A ameshavuka.

Alama zangu zilikwenda hivi: 11, 19, 17, 28, 34. Ile 17 ilinilaza na njaa. Nusura niache. Asubuhi nikafungua daftari la makosa badala ya kuangalia jumla, nikaona alama ya kutoa imeniangusha mara mbili tu, kutoka mara saba. Nilichoangukia ni takwimu na vekta, mada ambazo sikuwa nimezigusa kabisa. Alama ilikuwa imeshuka, lakini kilichoniangusha hakikuwa kile kile. Kwenye mtihani wenyewe nilipata C.

Mahali ambapo bidii haitoshi

Ukikaa wiki tatu kwenye mada moja na daftari linajaa kosa lile lile, usiongeze saa. Badilisha mbinu: mwalimu mwingine, kitabu kingine, vitu vya kushika mkononi, vizibo vya soda ikibidi. Kuongeza nguvu kwenye mlango unaofungukia upande wako ni kujichosha.

Pima macho pia. Nasema kwa uzito. Nina rafiki aliyeitwa mzito darasani kumbe alikuwa haoni ubao.

Na tusitumie mtazamo kuwafunika watu midomo. Mtoto aliye katika darasa la wanafunzi tisini, kitabu kimoja kwa watano, mwalimu wa hesabu mmoja kwa shule nzima, hana upungufu wa mtazamo. Ana upungufu wa kitabu na mwalimu. Mzazi anayemwambia "jiamini tu mwanangu" bila kumtafutia kitabu amejisaidia yeye.

Hatua ya tisa: mfundishe mtu

Nilidhani nimemaliza. Kisha mtoto wa dada yangu, wa kidato cha kwanza, akaja na daftari lake: "Mjomba, kwa nini hasi mara hasi ni chanya?"

Mdomo wangu ulishafunguka kusema "ndivyo ilivyo", jibu nililopewa mimi. Nikaufunga. Nikachukua kalamu, nikaandika polepole, mstari chini ya mstari:

−3 × 2 = −6
−3 × 1 = −3
−3 × 0 = 0

"Kila mstari jibu linafanya nini?" Akatazama. "Linapanda tatu." "Basi −3 × −1?" Akahesabu kwa vidole. "Tatu. Chanya tatu!" Nikajiona profesa. Hapohapo akaniuliza: "Sasa mbona −4 − 3 haiwi chanya, na hasi ziko mbili?"

Nikanyamaza. Nikaenda chumbani, nikatoa daftari la makosa, nikafungua ukurasa wa pili ambapo nimeandika, kwa mkono wangu, −4 − 3 = 7, na chini yake: "Nina deni la 4,000. Nimekopa tena 3,000. Halafu nikadhani nimetajirika." Akacheka mpaka machozi. Akaanza kufungua kurasa nyingine, akisoma makosa ya mjomba wake moja baada ya jingine kama anasoma hadithi, mara akikunja uso, mara akisema "hata mimi hili nalifanya". Usiku alipoondoka aliondoka nalo, akasema atalirudisha Jumatatu.

Hajalirudisha.